Maski za vumbi kazini: maswali tunayoulizwa kila siku Arusha na Moshi

Mimi nilikuwa fundi wa kukata granaiti za kaunta za jikoni kabla sijaanza kuuza vifaa vya usalama hapa Arusha, kwa hiyo maswali haya mengine niliyauliza mwenyewe zamani na mengine naulizwa kaunta na WhatsApp mpaka nimechoka kutype jibu lile lile. Nimeyaweka pamoja. Soma linalokuhusu, ukiona nimesema angalia swali fulani basi jibu kamili liko huko.

## Mambo ya mwanzo

Maski ya vumbi ina tofauti gani na ile ya bluu ya hospitali?

Ile ya bluu imetengenezwa kuzuia mate na matone yako yasimrukie mwenzako. Angalia pembeni mashavuni, kuna nafasi kidole kinapita. Ukivuta pumzi hewa inachagua njia rahisi, inapita hapo pembeni na vumbi lake lote, haipiti kwenye kitambaa.

Maski ya vumbi kazi yake ni kukulinda wewe, kwa hiyo ina vitu viwili: kichujio cha kukamata chembe ndogo sana, na umbo la kushika uso pande zote ili hewa isiwe na njia nyingine. Kimoja kikikosekana umevaa pambo. Mimi nimekata granaiti miezi kadhaa na ile ya bluu, jioni nikipenga kamasi inatoka ya kijivu, na bado nikajiona najilinda.

Kwani vumbi lina shida gani? Mzee wangu amegonga kokoto maisha yake yote.

Vumbi siyo moja. Lile unaloliona kwenye nyusi na mabega ni chembe kubwa, pua inalishika, unapenga yanaisha. La hatari ni lile usiloliona, dogo kuliko maikroni 10 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu, unywele wa mtu una kama 70), hilo linashuka hadi chini kabisa mapafuni na halitoki.

Kwenye mawe, mchanga, zege, tofali na vigae kuna kitu kinaitwa silika. Siyo silika ya tabia ya mtu, ni madini, ndiyo yanayofanya kioo na mchanga. Vumbi lake likikaa kwenye mapafu linaacha makovu, ugonjwa unaitwa silikosisi na hauna tiba ya kuuondoa, na makovu yanaweza kuendelea kuongezeka hata ukiacha kazi. Mara nyingi unajitokeza baada ya miaka 10 na zaidi, ila vumbi likiwa jingi sana unaweza kuwahi kabla ya hapo. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka silika ya namna hiyo kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997. Vumbi la mbao nalo liko kundi hilo hilo.

Halafu kuna TB. Mapafu yenye silika yanashikwa na TB kirahisi zaidi, ndiyo maana ukienda Mererani kwa wanaapolo (wachimbaji wa tanzanite) hizo habari mbili zinatembea pamoja. Kuhusu mzee wako, hongera kwake, ila aliogonga nao kokoto ambao hawapo huwezi kuwauliza.

Nikifunga shuka au kitambaa kilicholowa maji je?

Kitambaa kilicholowa kinakamata vumbi kubwa na kinakupa ubaridi, basi. Dogo linapita kwenye nyuzi na pembeni. Kwa kupita kwenye barabara ya vumbi ukiwa kwenye bodaboda sawa, kwa kukata jiwe hapana.

Maziwa yanasafisha kifua baada ya kazi?

Hili ndilo namba moja, na kuna mabosi wanagawa pakiti ya maziwa kila jioni wakiamini wamemaliza habari ya usalama. Maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko mapafuni, ni njia mbili tofauti, yangeingia mapafuni ungepaliwa vibaya sana. Kunywa kwa sababu ni chakula. Hela ya maziwa ya mwezi mzima kwa mafundi watano inanunua maski nzuri nyingi tu.

## Herufi na namba kwenye boksi

N95, KN95, FFP2, mbona majina mengi? Ni kitu kimoja?

Ni ndugu wa nchi tofauti. N95 ni ya Marekani, inathibitishwa na taasisi yao ya NIOSH, na 95 maana yake inakamata angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio, zile za kama maikroni 0.3 ambazo ndizo ngumu kukamata. Herufi N maana yake haivumilii mafuta hewani, R inavumilia kiasi, P inavumilia vizuri. Ukiona P100 hiyo inakamata asilimia 99.97.

FFP ni za Ulaya, kiwango chao kinaitwa EN 149. Kichujio cha FFP1 kinakamata angalau asilimia 80, FFP2 asilimia 94, FFP3 asilimia 99. Hizi zinapimwa kwa chumvi na kwa mafuta pia, kwa hiyo ile habari ya N na P haizihusu.

KN95 ni ya China, kwenye makaratasi ni sawa na N95. Shida yake ni kwamba nyingi zinazofika huku zina kamba za masikioni, na kamba za masikioni hazivuti maski ikabana uso kama mipira ya kichwani. Kwa kazi ya vumbi zito mimi siwauzii watu KN95 ya masikioni hata akiomba.

Sasa ya kazi yangu ni ipi?

Elewa kwanza hesabu moja. Asilimia ya boksi ni ya kichujio. Ukishavaa usoni kuna kuvuja kidogo, kwa hiyo wataalamu wanatumia namba nyingine: FFP1 inapunguza vumbi unalovuta mara 4, FFP2 na N95 mara 10, FFP3 mara 20. Hiyo ni kwa mtu aliyevaa vizuri na maski inayomkaa. Ukivaa hovyo, gawanya unavyotaka.

Kufagia stoo, kupakia nyasi kavu, kazi ya vumbi jepesi la muda mfupi: FFP1 inatosha, japo siku hizi tofauti ya bei na FFP2 ni ndogo, nunua FFP2 umalize.

Mashine ya kusaga unga, kukoboa kahawa, kupiga msasa jipsamu au ukuta ulioskimiwa: FFP2 au N95. Watu wa mashine wanadharau unga kwa sababu unaliwa. Unga ukila hauna neno, ukiuvuta miaka na miaka unaleta pumu ya kazini, na kahawa mbichi vumbi lake lina watu linawawasha hadi macho. Ndugu zetu wa Moshi wanaofanya kazi za kahawa wanalijua hili bila mimi kuwaambia.

Mbao: saiprasi kwa randa ya mkono FFP2 sawa. Mbao ngumu kama mninga kwenye mashine, au MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao, una gundi ya kemikali ndani), chukua FFP3 ukiipata, FFP2 ndiyo chini kabisa.

Mawe, zege, granaiti, kuchoronga ukuta, kukata vigae: FFP3, na maji. Nasema na maji kwa sababu grainda kavu kwenye granaiti inatoa vumbi linaloweza kupita kiwango salama mara nyingi mno kuliko hizo 20, kwa hiyo hata FFP3 peke yake inazidiwa. Angalia swali la maji huko chini.

Neno dogo kuhusu marumaru. Huku kwetu kila kigae tunakiita marumaru, ila jiwe la marumaru lenyewe silika yake huwa ndogo, vigae vya dukani ndivyo vyenye silika, na granaiti inayo nyingi. Yale mawe ya kutengenezwa kiwandani ya kaunta, yanayong'aa rangi moja, ndiyo mabaya kuliko yote, mengine yanapita asilimia 90 silika. Australia waliyapiga marufuku kuanzia Julai 2024 baada ya mafundi vijana kuumwa. Ukiletewa kukata hayo, fikiria mara mbili hiyo hela.

NR, R na D maana yake nini?

Ziko kwenye za Ulaya. NR: ya shifti moja, ukimaliza kazi tupa. R: inaweza kurudiwa zaidi ya shifti moja. D: imepimwa isizibe haraka kwenye vumbi jingi. Kwa saiti yenye vumbi zito tafuta yenye D, utapumua vizuri mpaka jioni.

Yenye vali ni bora zaidi?

Haichuji zaidi. Vali inafunguka ukitoa pumzi inafunga ukivuta, kwa hiyo joto na unyevu vinatoka, na kwa jua la Moshi mchana hiyo ni tofauti ya mtu kuivaa mpaka saa kumi au kuishusha kidevuni saa tano. Kwa vumbi chukua ya vali. Ila ukiwa unaumwa kifua na hutaki kuambukiza wengine vali haifai, pumzi yako inatoka bila kuchujwa.

## Kuvaa

Nitajuaje kama imekaa sawa?

Osha mikono, weka maski usoni, mpira wa juu upite juu ya masikio mpaka kisogoni kwa juu, mpira wa chini shingoni chini ya masikio. Siyo yote miwili shingoni, hiyo naiona kila siku. Kibati cha pua kibonyeze kwa vidole vya mikono miwili kifuate pua yako, ukitumia mkono mmoja kinajikunja katikati kinaacha tundu.

Halafu jaribu. Isiyo na vali: ifunike kwa viganja viwili, toa pumzi kwa nguvu kidogo, ukisikia hewa machoni au mashavuni inavuja. Yenye vali: ifunike yote pamoja na vali, vuta pumzi haraka, inatakiwa ijivute iingie ndani kidogo. Inavuja? Rekebisha kibati, rekebisha mipira, rudia. Ikigoma mara tatu hiyo maski siyo ya sura yako, jaribu umbo lingine. Hii ni sekunde kumi, fanya kila unapovaa, hata baada ya chai.

Kampuni kubwa zinatakiwa kwenda mbali zaidi: unavaa, unafunikwa kofia maalumu, wanapuliza kitu kichungu au kitamu, ukisikia ladha maski haijaziba. Namba ya boksi haina maana kama sura imekataa. Mimi FFP3 moja ya bei kubwa ilinigomea kabisa pua yangu hii, FFP2 ya kukunja ikanikaa kama gundi, na ukiniuliza hizo mbili ipi ilinilinda zaidi jibu unalo.

Nina ndevu, nifanye nini?

Nyoa sehemu maski inapogusa. Najua hakuna anayependa hili jibu. Hata ndevu za siku mbili tatu zinainua ukingo na hewa inapita chini yake. Sharubu fupi zinazobaki ndani ya maski hazina shida. Kama ndevu ni za imani na hutanyoa, basi maski hizi za kutupa siyo zako, kuna zile za kofia zenye feni ya betri zinazopuliza hewa safi usoni, ghali kweli, ila hazitegemei kubana ngozi.

Miwani yangu inapata ukungu.

Hiyo ni taarifa ya bure, hewa inatoka juu ya pua. Kibati hakijakaa. Rudi swali la kuvaa.

Navaa hijabu, au nimesuka, mipira inakaa wapi?

Dada yangu, sharti ni moja tu: kati ya ukingo wa maski na ngozi ya uso kisiwepo kitu. Hijabu isogeze nyuma ya mstari wa maski. Mipira inaweza kupita juu ya hijabu ya ndani iliyobana vizuri, mradi haitelezi. Kwa misuko mikubwa, mpira wa juu uweke juu ya fundo la nywele usishuke.

## Kutunza na kutupa

Moja natumia siku ngapi?

Ya NR ni shifti moja, siku moja. Najua uhalisia, mtu anapewa maski moja Jumatatu anaambiwa imfikishe Jumamosi. Basi angalau jua dalili za kuitupa bila kubishana: kupumua kumekuwa kazi, ndani kumechafuka, mpira umelegea, imechanika, imelowa jasho mpaka imelainika. Kwa mtu wa saruji, ikilowa saruji inaganda humo humo, usiirudie.

Wakati wa chakula itundike sehemu isiyo na vumbi au weka kwenye mfuko wa karatasi. Siyo mfukoni kwenye ovaroli, siyo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na siyo kidevuni, kidevuni inajaza vumbi ndani halafu unairudisha puani mwenyewe.

Naweza kuifua?

Hapana. Watu wanadhani kichujio ni kama chekecheo, chembe kubwa zinabaki ndogo zinapita. Kumbe nyuzi zake zina chaji ya umeme inayovuta chembe zikajinasa, kama kanda ya redio zamani ilivyovuta vumbi. Sabuni au spiriti inaua ile chaji. Unatoka na maski nyeupe safi inayonukia na haifanyi kazi. Kupuliza na kompresa ndiyo mbaya zaidi, unaichana ndani na vumbi unamrushia jirani.

Nivae mbili pamoja?

Ya juu inaivuta ya chini inavuja. Vaa moja iliyokaa.

## Dukani

Nitatambuaje feki?

N95 ya kweli ya NIOSH ina mipira ya kichwani, siyo ya masikioni. Ina maandishi kwenye maski yenyewe (siyo boksi tu): jina la mtengenezaji, neno NIOSH limeandikwa sawasawa, na namba inayoanza TC-84A. Mtu akikuuzia N95 ya watoto ya NIOSH anakudanganya, hawathibitishi za watoto. Ya Ulaya iwe na EN 149, daraja mfano FFP2 NR, na alama ya CE yenye namba nne pembeni. CE tupu bila namba, weka chini.

Nilishanunua katoni nzima kwa muuzaji mmoja hapa mjini, boksi zuri, nikafungua moja kwa mkasi ndani nikakuta karatasi laini mbili tu, hakuna kile kitambaa cha katikati kinachochuja. Nilikula hasara. Tangu siku hiyo kila mzigo mpya nakata moja.

Angalia pia tarehe ya mwisho, iko pembeni ya kidude kama saa ya mchanga. Stoo zetu za bati zina joto, mipira inaoza kabla ya tarehe, ivute kidogo uone.

## Kesi ngumu

Nikikata kwa maji bado nahitaji maski?

Ndiyo, ila anza na maji. Maji yanalishika vumbi pale linapozaliwa, maski inahangaika nalo likishasambaa, na jirani yako asiye na maski anafaidika pia. Kama huwezi maji, kama kwenye mbao, tumia mashine yenye kivuta vumbi, na usifagie kavu, mwagia kwanza. Ukikata kwa maji tope likikauka linarudi kuwa vumbi, lisafishe likiwa bichi. Umeme uangalie hapo, tumia mashine ya maji, siyo grainda ya kawaida na chupa ya maji ya kunywa.

Napuliza rangi na thina, FFP3 inatosha?

Hapana kabisa. Harufu ya thina ni mvuke, inapita kwenye kichujio cha vumbi kama hakipo. Unahitaji maski ya mpira yenye katriji za mvuke, za Ulaya zina mstari wa kahawia, pamoja na kichujio cha chembe za rangi. Ukisikia harufu umevaa, katriji imeisha au inavuja.

Kuchomelea je?

Moshi wa kuchomelea ni chembe, FFP2 au FFP3 inazikamata, gesi haizikamati. Mabati ya zinki yakichomelewa yanaleta homa ya usiku, baridi na mwili kuuma, watu wanasema malaria. Chomelea nje, simama upande upepo unapotoka.

Naingia kwenye kisima, shimo la choo au tanki.

Usiingie na maski yoyote ya duka langu. Huko hewa yenyewe inaweza kuwa haina oksijeni na maski ya kuchuja haitengenezi hewa. Mtu anazimia, wa pili anashuka kumwokoa, wanatoka maiti wawili.

Tunabomoa paa la zamani la asbestosi.

Usikate, usivunje, usifagie. Hiyo ni kazi ya watu wenye mafunzo na vifaa, waulize OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) kabla hujapanda ngazi.

Nina pumu, au ni mjamzito.

Maski inaongeza uzito wa kupumua. Ongea na daktari kwanza, na omba kazi isiyo na vumbi kwa muda, hilo ni bora kuliko maski.

Bosi anasema nijinunulie.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya 2003, inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kujikinga. Anza kwa kumwambia kistaarabu mkiwa wengi, mmoja mmoja anaonekana msumbufu. Ikishindikana, OSHA wapo. Na ukiumwa ugonjwa unaotokana na kazi kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, mwajiri ndiye anayeuchangia, hutakiwi kukatwa mshahara kwa ajili hiyo.

Nimefanya miaka mingi bila maski na sasa nakohoa, nianze na maski ipi?

Anza na hospitali. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, kupungua uzito, kuchoka ukipanda kilima ambacho zamani ulikuwa unakipanda unaimba, nenda kapimwe TB na picha ya kifua, na mwambie daktari kazi yako ni nini na umeifanya miaka mingapi, asipouliza mwambie wewe, kwa sababu picha ya silikosisi na ya TB zinaweza kufanana. Wa upande wa Kilimanjaro mna Kibong'oto kule Siha, hospitali ya siku nyingi ya magonjwa ya kifua, wameshawaona wachimbaji wengi. Ukirudi na majibu njoo tuongee maski.